Lenzi ndani ya ndoo ya rangi

Baba mdogo alinipa sharti moja tu: kila nitakachobeba kiingie kwenye ndoo. Ilikuwa ndoo ya rangi ya lita 10, imeoshwa ikatakata ila ukingoni ilibaki na mstari wa kijani, na mfuniko wake ulibana sawasawa. "Mwanangu, mtumbwini hakuna kabati," akasema. "Kisichoingia humo kihesabu kimelowa." Nikaweka sweta, tochi, chapati nne ndani ya mfuko, kamera na lenzi mbili. Nafasi ikabaki.

Kwa ajili ya nafasi ile ndiyo maana nilizipenda kamera hizi ndogo, zisizo na kioo, tangu mwanzo. Kamera kubwa tulizozoea kuziona harusini zina kioo ndani, kinachorusha taswira juu hadi kwenye tundu la kuchungulia. Kwenye hizi ndogo kioo kimeondolewa, unaangalia kila kitu kwenye skrini, na kwa kuwa sensa yake, yaani kibao cha ndani kinachopokea mwanga wa picha, ni ndogo, milimita 17.3 kwa 13, lenzi nazo zimepungua umbo. Zumu yangu ya milimita 40 hadi 150 ilivuta mbali kama lenzi ya 300 ilivyokuwa ikivuta kwenye kamera ya filamu, na bado uzito wake haukufika robo kilo.

Kamera yenyewe ilikuwa Olympus ya mtumba. Niliinunua Kariakoo mwaka huo, 2014, pamoja na lenzi yake ya kawaida ya 14 hadi 42, na fedha zilizobaki zilitosha lenzi moja ya nyongeza. Nikachukua ile ndefu. Nilikuwa na miaka 26 na niliamini mpiga picha ni mtu anayeweza kumfikia aliye ng'ambo ya barabara bila kuvuka. Tena nilikuwa na haya. Kumwelekezea mtu kamera usoni kulinipa jasho, hata akiwa ndugu yangu.

Treni ya kwenda Kigoma inapita Tabora, nikashuka siku mbili kumsalimia dada. Karibu na sokoni kulikuwa na studio ya picha za pasipoti ya mzee mmoja mpole, mwenye ndevu nyeupe fupi. Nilimwonyesha kamera, akaigeuzageuza, kisha akaniuliza naenda kupiga nini. Nikamweleza: baba yangu mdogo ni mvuvi wa dagaa, yeye ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki, dagaa wake ndio walionilipia ada, na mpaka leo sijawahi kumwona akiwa kazini. Nataka nimpige picha huko huko ziwani, usiku.

Mzee hakujibu. Alifunga mlango, akashusha pazia, akawasha mshumaa juu ya meza na kukaa nyuma yake. "Haya, nipige." Nikapiga kwa lenzi ndefu, nikapata weusi wenye doa la njano. Nikafunga ile ya 14 hadi 42, ikatoka nafuu kidogo, lakini ndevu zake zilikuwa zimepakazika kama uji.

Akavuta droo, akatoa kitu bapa, unene wa vidole viwili hivi. Lenzi ya milimita 20, isiyo na zumu, f/1.7. Aliachiwa na mtafiti mgeni ambaye kamera yake ilidondoka ikafa. Nikasoma jina mbele yake: Panasonic. "Mzee, hii si ya kamera yangu." Akasema jaribu. Ikaingia, nikaizungusha, ikabana. Kumbe tangu 2008 kampuni hizo mbili zilikubaliana kutumia mdomo mmoja wa lenzi, ya huku inaingia kule. Nikapiga tena kwa mshumaa ule ule, na nikaona ndevu moja moja.

Hesabu yake alinifanyia kwa kalamu nyuma ya bahasha ya picha. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa. Mwanga unaopita haupungui kwa kadiri ya namba yenyewe, bali kwa namba hiyo ikizidishwa kwa namba hiyo hiyo. Kwa hiyo f/1.7 inapitisha mwanga karibu mara 11 ya f/5.6, na f/5.6 ndiyo mwisho wa uwezo wa lenzi yangu ndefu ikivutwa yote. Mpaka leo naiona bahasha ile. Nilikuwa nimetumia fedha za miezi minne bila kupiga hesabu ya mistari mitatu.

"Niachie hiyo ya 14 hadi 42 iwe dhamana," akasema. "Ukirudi tutabadilishana." Nikamwachia hapo hapo, wala sikufikiria.

Nilifika Kigoma mbalamwezi ikiwa kali, na mwezi uking'aa wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, maana taa zao zinakosa nguvu ya kuwaita samaki. Nikangoja siku saba. Siku hizo lenzi ndefu ilinifaa mno, siwezi kuisingizia. Niliipiga MV Liemba ikiwa bandarini, meli ambayo Wajerumani waliileta vipande vipande na kuishusha majini hapo hapo Kigoma mwaka 1915, na kwenye skrini niliweza kuona misumari ya ribiti ya ubavuni mwake ilivyojipanga chini ya rangi. Jioni niliivuta milima ya Kongo ikaja karibu. Nilirudi nyumbani kila siku nikijiona nimefanya chaguo zuri, na ndiyo maana usiku wa giza ulipowadia, lenzi iliyokuwa imefungwa kwenye kamera ilikuwa ile ile ndefu.

Tulitoka Kibirizi, mwalo ambapo wavuvi hutia nanga, saa kumi na mbili jioni, wavuvi sita nami wa saba. Kipe ni mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, wavu unashushwa chini yake kama shuka lililoshikwa pembe nne, na karabai zinaning'inizwa juu ya maji. Kijana mmoja kazi yake ilikuwa taa tu: kujaza mafuta, kupiga pampu, kuzilinda na upepo. Zilipowaka zote, dunia nzima ikawa na upana wa sebule. Nje ya hapo hakuna kitu, giza na mlio wa maji.

Mpaka kama saa saba usiku ni kungoja. Chapati ziliisha mapema.

Halafu taa za pembeni zikavutwa katikati, baba mdogo akasema neno moja kwa Kiha, na watu wakaanza kuvuta kamba. Mimi nilikuwa nimejibana nyuma kabisa. Nikavuta zumu mpaka mwisho, nikaweka ISO, kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kwenye 1600, na kamera ikaniambia inahitaji kubaki wazi sehemu ya 5 ya sekunde. Nikapiga tu. Ndani ya kamera ile kuna mtambo unaotuliza sensa mkono ukitetemeka, na nchi kavu ulinisaidia sana, lakini hauna habari na mtumbwi unaoyumba wala na mtu anayevuta kamba kwa mwili mzima. Nilipata minyoo ya mwanga. Nikarudisha zumu hadi 40, nikapata minyoo midogo zaidi.

Ilinibidi nibadilishe lenzi hapo hapo. Kamera yangu ile isiyo na kioo ukiitoa lenzi sensa inabaki uchi, hakuna kinachoikinga, na rasharasha zilikuwa zinaruka. Nikachuchumaa, nikajifunika koti la mvua la baba mdogo mpaka kichwani, tochi mdomoni, mdomo wa kamera nimeuelekeza chini. Humo ndani kulinuka mafuta ya taa na samaki wa miaka yote. Ndefu ikaingia ndooni, fupi ikabana, nikafungua koti.

Lenzi ya 20 haikuniruhusu kukaa nyuma. Kwa pale nilipokuwa, baba mdogo alionekana mdogo kama kidole. Nikavuka kamba ya kwanza, nikavuka ya pili, na aliyekuwa kushoto akanisukuma kwa bega: "Kaka, ukikaa hapo, vuta." Nikaivaa kamera shingoni nikashika kamba. Kuanzia hapo nilipiga kati ya mvuto na mvuto, mikono imelowa.

Fokasi ya kujiendesha ilishindwa. Kamera ilikuwa inatafuta mistari ya kushikilia, na gizani haikuipata, ikawa inakwenda mbele na kurudi huku picha zinapita. Nikaizima. Nikazungusha pete ya lenzi kwa mkono mpaka kiwiko cha baba mdogo kikakaa sawa, mita 2 kutoka kwangu. Tundu likiwa wazi kwa f/1.7, kwa umbali huo kinachotoka vizuri ni kama nusu mita tu, mbele na nyuma yake ni ukungu. Basi nikawa nautunza umbali ule kwa kiuno: akiinamia mbele, nami narudi nyuma kidogo. Vipimo vingine nilivifunga: sehemu ya 60 ya sekunde, ISO ile ile 1600. Kamera ikijipimia yenyewe inaiona karabai, inaogopa, inazitia nyuso giza. Niliacha karabai iungue iwe nyeupe tupu. Sikuja kupiga taa.

Ndipo nikamwona. Baba mdogo ninayemjua ni wa barazani, wa redio na kucheka kabla hajamaliza kisa. Huyu alikuwa ameuma mdomo wa chini, shavu moja limeng'aa kwa taa na jingine limezama, na macho yake hayakuwa kwenye kamba kabisa. Yalikuwa majini. Alikuwa anautazama wavu unapanda ilhali kwangu bado ulikuwa weusi mtupu, na midomo ya wenzake ilikuwa inangoja mdomo wake. Nilipiga picha 9 za uso ule. Sijawahi kupiga uso wa mtu kwa umbali ule bila kuhisi aibu, na usiku ule aibu haikunijia hata mara moja.

Dagaa walipofika juu, maji yalitoa sauti kama mvua kwenye bati. Fedha tupu. Magamba yalituruka hadi usoni, na asubuhi nilikuta gamba moja limekauka kwenye kioo cha lenzi, ndogo kuliko punje ya mchele. Ukijua pa kutazama, picha zote za mwisho zina doa laini kwenye pembe ya juu kulia.

Wiki iliyofuata nilisafisha picha mbili mjini, kubwa, nikampelekea barazani. Ya uso aliishika mbali na macho, akaitazama, akaniuliza kama ndivyo anavyokuwa kila siku. Nikamjibu ndiyo. Akaiweka juu ya goti, akachukua ya pili, ile ya wavu unapopanda, akaanza kuhesabu watu kwa kidole. Wanne. Akarudia.

"Tulikuwa sita, mwanangu."

Nikamweleza kuwa lenzi ile haipanui vya kutosha. Kwa umbali niliokuwa nao inachukua kama mita moja na robo tatu kwa upana, na ya kuwaenea wote ilikuwa Tabora, kwenye droo ya mzee wa studio. Nilijisikia vibaya sana nilipokuwa nasema hivyo, na hata sasa picha ya watu sita sina. Mwaka uliofuata kipe kile kiliuzwa na wenyewe wakatawanyika.

Baba mdogo aliendelea kuitazama. Kisha akagonga pembe ya juu kushoto kwa ukucha. Kulikuwa na mkono umeshika karabai, umekatwa na ukingo wa picha juu kidogo ya kiwiko, na karibu na kifundo kovu la moto lenye umbo la jani.

"Huyu hapa kijana wa taa. Kampigie nakala, aje aichukue."

Alikuja jioni, bado anaburuza kandambili zenye mchanga wa mwaloni. "Shikamoo baba," kwa baba mdogo, kisha akanipa mkono. Nilianza kumwomba radhi, hakunisikiliza. Aliiegemeza picha ukutani, akakunja mkono wa shati mpaka kiwikoni, akauweka mkono wake sambamba na ule wa kwenye picha.