Si mochwari: siku moja kwenye maabara ya patholojia, Moshi

Nikisema nafanya kazi patholojia, watu wengi hapa Moshi huniuliza kama siogopi maiti. Mama mkwe wangu aliniombea kwa muda mrefu kwa sababu hiyo. Kazi yangu ni kuandaa kwa uchunguzi nyama zilizotolewa kwa watu walio hai, ambao muda huo wako nyumbani wanasubiri jibu: matiti, tezi dume, umio, shingo ya kizazi, na mayoma, ule uvimbe wa kizazi ambao karibu kila ukoo una mwanamke aliyepasuliwa kwa ajili yake.

Saa 11 alfajiri. Chai, sare za watoto, daladala kutoka Pasua. Mlima umefunikwa na mawingu.

Saa 1:30 asubuhi. Mashine imefanya kazi usiku kucha, imenyonya maji kwenye nyama na kuingiza nta ya parafini. Nakata kila bloku, kipande cha nyama kilichogandishwa ndani ya nta, kwa unene wa maikroni 4, yaani sehemu nne za elfu za milimita. Utepe wa nta unatoka kwenye kisu ukiwa mwembamba kiasi kwamba pumzi yangu ikiugusa unajikunja, kwa hiyo nabana pumzi mpaka nimeulaza juu ya maji ya uvuguvugu. Kisha naupandisha kwenye slaidi, naupaka rangi, na slaidi zinakwenda kwa daktari wa patholojia kwenye hadubini.

Saa 4. Niko dirisha la kupokea sampuli, na hapa ndipo siku ilipoharibika.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimetumwa nilete hii."

Akaweka juu ya kaunta mfuko mbadala. Ndani kulikuwa na kopo la siagi la plastiki, kifuniko kimezungushiwa plasta. Nikavaa glovu nikafungua. Vipande virefu vyembamba, vingi, vimelala kwenye maji ya chumvi yaliyogeuka mekundu. Hakuna fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze. Harufu ilikuwa imeshaanza.

"Hii imetolewa lini baba?"

"Juzi mchana. Jana nilikosa gari. Nimeiweka kwenye friji ya jirani."

Nyama ikitoka mwilini inatakiwa iingie kwenye fomalini ya asilimia 10, na fomalini iwe angalau mara kumi ya ujazo wa nyama, vinginevyo inaanza kuoza na seli zinapoteza sura. Huyu mzee hana kosa hata chembe. Alikabidhiwa kopo mlangoni akaambiwa apeleke maabara. Fomu yenyewe ilikuwa na jina la mgonjwa na neno moja, mayoma. Umri hakuna. Njia ya upasuaji hakuna.

Nikapiga simu hospitali waliyotoka. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, nesi akasema daktari yuko thieta nipige baadaye. Foleni nyuma ya mzee inarefuka, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni anauliza kama leo atahudumiwa. Nikamtajia mzee gharama ya kipimo. Akapandisha sauti.

"Binti, nimeuza ng'ombe kulipia upasuaji. Daktari amesema ni mayoma tu. Sasa mnatafuta nini tena humo?"

Swali hili naulizwa mara kwa mara, na sichoki kulijibu. Nikamtoa pembeni tukakaa kwenye benchi. Nikamwambia hakuna ultrasaundi, wala MRI, inayoweza kuthibitisha kabla ya upasuaji kwamba uvimbe ule ni mayoma matupu. Kuna kansa ya msuli wa kizazi, sakoma, ambayo inaweza kufanana kabisa na mayoma. Inajulikana kwa uhakika nyama ikishafika huku.

"Wanawake wangapi wanakutwa nayo?"

Nikamwambia mwaka 2014 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, ilikadiria mwanamke mmoja kati ya 350 wanaopasuliwa kwa ajili ya mayoma. Wapo wataalamu waliofika kwenye idadi ndogo zaidi.

"Mmoja!"

"Baba, chukua akina mama wote wanaojaa ibada ya kwanza Jumapili kanisani kwenu, wote wawe wamepasuliwa mayoma. Mmoja wao anarudi nyumbani na kansa asiyoijua. Ungependa nani asipimwe?"

Alinyamaza. Kisha akanieleza, kwa aibu ya mwanaume anayezungumzia mambo ya mkewe, kwamba mama ana miaka 52, hedhi ilikoma kitambo, lakini tumbo liliendelea kukua. Upasuaji ulikuwa wa matundu madogo. Walimwambia ni wa kisasa, atatoka kesho yake.

Niliandika yote kwenye fomu. Niliyoyawaza sikumwambia, kwa sababu kumtisha mtu aliyekaa kwenye benchi si kazi yangu. Ninyi nawaambia.

Upasuaji wa matundu madogo ni mzuri. Maumivu ni kidogo, kidonda kidogo, mama anarudi shambani mapema. Tatizo ni namna uvimbe mkubwa unavyopitishwa kwenye tundu dogo. Kuna mashine yenye kisu kinachozunguka, mosileta, inayoukatakata humo humo tumboni. Kama ndani ya uvimbe kulikuwa na sakoma, chembe zake zinaweza kutawanyika tumboni kote, na ugonjwa uliokuwa mahali pamoja ukawa kila mahali. Dunia ilishtuka kwa sababu ya Amy Reed, daktari wa usingizi wa Boston, aliyetolewa kizazi kwa njia hiyo mwaka 2013. Baada ya upasuaji ndipo ikagundulika alikuwa na sakoma. Yeye na mumewe, daktari wa upasuaji wa moyo, walipigana hadharani ili wanawake wengine waambiwe. Alifariki Mei 2017 akiacha watoto sita. Kampuni ya Johnson & Johnson iliondoa mashine zake sokoni mwaka 2014. Novemba mwaka huohuo FDA ilisema mosileta isitumike kwa wanawake waliokaribia kukoma hedhi au waliokwisha kukoma, na mwaka 2020 ikasisitiza kwamba hata kwa wale wanaofaa, uvimbe ukatwe ndani ya mfuko maalumu.

Miaka 52. Hedhi imekoma. Uvimbe unakua. Mzee alilipa nusu, nusu nyingine tukaandikishana.

Chakula cha mchana sikumbuki kama nilikula. Mama mwenye mtoto nilimhudumia, na wengine wote. Simu ya hospitali ile haikupokelewa tena.

Jioni ilikuwa imeshaingia nilipokaa na daktari kwenye meza ya kukatia, feni inavuta harufu ya fomalini lakini macho yanawasha vilevile. Mayoma ya kawaida ukiyakata ni meupe, magumu, yana mizunguko kama uzi uliosokotwa. Yakija mazima unapasua katikati na kila kitu kinaonekana. Yakija vipande, hujui ukingo uko wapi wala katikati ni wapi, unabaki kushika kimoja kimoja kwa vidole. Tulivimwaga vyote kwenye trei. Vingi vilikuwa vyeupe. Vitatu vilikuwa laini na vya njano. Hiyo peke yake haisemi kansa, mayoma yaliyokosa damu pia hulainika, lakini daktari aliviweka vyote vitatu kwenye kaseti, visanduku vidogo vya plastiki vinavyoingia na nyama kwenye mashine, na kuongeza nyingine nyingi. Mgongo ulikuwa unaniuma mpaka kwenye nyonga. Nikawasha mashine ya usiku.

Majibu ya mama yule yalishatoka. Siyaandiki hapa, ni yake.

Niliposhuka Pasua giza limeingia, jirani yangu alikuwa getini ananisubiri. Naye ana mayoma, amepangiwa upasuaji mwezi ujao. Nikamwambia amuulize daktari wake: uvimbe utatoka mzima au utakatwa? Ukikatwa, utakatwa ndani ya mfuko? Na nani ataupeleka maabara, kwenye fomalini? Akaandika kwenye simu yake, taratibu, ananiomba nirudie.

"Sasa dada, daktari akikasirika je?"

"Niambie siku ya kliniki. Nitaomba ruhusa twende wote."

"Ni Alhamisi," akasema.