Kazi ya vidole vyake

Somo: Zaburi 8

Bwana asifiwe, wapendwa.

Juzi usiku mjukuu wangu aligoma kulala. Nikamtoa nje, nikidhani upepo utamtuliza. Mwezi ulikuwa haujachomoza na nyota zimetapakaa anga zima. Nikamwonyesha: "Ona kule, ona!" Wala hakuangalia. Alikuwa amekikamata kidole changu kwa ngumi yake yote, ananikodolea macho usoni huku akitoa zile sauti zake zisizo na neno hata moja.

Zaburi ya 8 ikanijia palepale, nami nikagundua jambo ambalo nimelisoma miaka mingi nikilipita tu. Kabla Daudi hajafika kwenye mwezi na nyota, anapitia kwanza vinywani mwa watoto wachanga na wanyonyao. Huko ndiko Mungu alikoweka misingi ya nguvu, awanyamazishe adui zake. Mimi ningeanzia kwenye nyota.

Kisha ndipo asemapo, "Nikiziangalia mbingu zako, kazi ya vidole vyako." Vidole! Kwa vidole tunatia uzi kwenye sindano, tunamtoa mtoto kibanzi jichoni. Sasa tazameni kazi yenyewe. Nuru hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde moja, na bado kutoka juani hadi kwetu hutumia dakika 8 na ushei. Kutoka kwenye nyota iliyo jirani zaidi baada ya jua, inachukua zaidi ya miaka 4. Nyingine katika zile nilizokuwa nikimwonyesha mtoto, nuru yake ilianza safari kabla mimi sijazaliwa.

Daudi hakuwa na hesabu hizi, ila swali alikuwa nalo: "Mtu ni kitu gani hata umkumbuke, na binadamu hata umwangalie?" Julai 1969, mwanaanga Mmarekani Buzz Aldrin akiwa njiani kurudi kutoka mwezini aliyasoma maneno hayo kwenye matangazo ya televisheni yaliyorushwa kutoka chomboni. Ameukanyaga mwezi kwa mguu wake, na bado anauliza alilouliza mchunga kondoo.

Lugha yetu nayo imelihifadhi jambo hili. Binadamu ni bin Adamu, mwana wa Adamu, na Kiebrania cha zaburi hii kinasema vivyo hivyo: ben adam. Jina Adamu nalo linakwenda pamoja na adama, yaani udongo. Ndiyo maana pengine mtu akikosea hujitetea, "Na mimi ni binadamu," wala haulizwi zaidi.

Udongo huo umevikwa taji ya utukufu na heshima. Kwa ukubwa hatuna la kujivunia mbele ya nyota hata moja. Tulicho nacho ni kwamba tunakumbukwa, tunaangaliwa. Tukapewa na kazi: kondoo, ng'ombe, ndege wa angani, samaki wa baharini. Hapo kwenye kutawala huwa tunasoma kwa sauti kubwa kidogo, nadhani, tukisahau kwamba Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza (Mwanzo 2:15). Anayeukausha mto na kuwamaliza samaki wake ameivaa taji akamsahau aliyemvika.

Mwandishi wa Waebrania anaisoma zaburi hii bila kupaka rangi. Anakiri kwamba bado hatujaona vitu vyote vikiwa chini ya mtu (2:8). Tukitazama huku na huku tunaona magonjwa, vita, makaburi. Halafu anaendelea: lakini twamwona Yesu, aliyefanywa mdogo punde kuliko malaika. Yaani Mwana, ambaye kwa yeye ulimwengu ulifanywa, alikubali kuwa bin Adamu. Akalazwa horini, hajui kusema neno. Na kama watoto wachanga wote, sina shaka alikikamata kidole cha mama yake kwa ngumi yake yote.