Siku moja na maganda ya migunga na viboko wa Mtera

Mimi ni mpiga picha, naishi Dodoma mjini. Msimu huu wa kiangazi nimejipa kazi moja: kupiga picha za vitu vinavyokaa pamoja porini. Mbegu ndani ya ganda lake, wanyama ndani ya kundi lao. Hii hapa ni Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, kutoka mjini hadi Bwawa la Mtera na kurudi.

Saa kumi na nusu usiku

Betri zimejaa, kadi ziko tupu. Begini kuna lenzi mbili, ya milimita 100 kwa maganda na ya milimita 400 kwa wanyama. Nina pia kifuko cha kitambaa nilichokishona mwenyewe na kukijaza choroko. Nikikiweka dirishani mwa gari, lenzi ndefu inatulia juu yake kuliko kwenye stendi. Kaka anayeniendesha keshapasha gari moto. Tunashika barabara ya Iringa.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Tuko maeneo ya Fufu na jua ndiyo kwanza linachomoza. Hapa nina kama saa moja na nusu ya mwanga mzuri, kwa hiyo naanza na kikwata, mti wa miiba jamii ya mgunga. Ganda la kikwata ni bapa na jembamba kama karatasi. Ukilipiga jua likiwa upande wako halina la kusema, ni kitu cha rangi ya majani makavu basi. Zunguka upande wa pili, jua liwe nyuma yake, na ganda zima linawaka. Mishipa inaonekana kama wavu, na katikati zimekaa mbegu mbili au tatu, kila moja na kivuli chake.

Adui ni upepo. Nabana tawi kwa kibanio cha nguo, naongeza kasi ya shata ya kamera, nasubiri mpaka majani yatulie. Miiba ya kikwata imepinda kama ndoana, na ukiingiza mkono haraka hutoki bila damu. Taratibu, kidole kimoja kimoja.

Huo wembamba una kazi yake. Ganda la kikwata hupasuka, na vipande vyake hupeperushwa na upepo. Ganda la mgunga, hatua chache tu kutoka hapo, halipasuki kabisa. Limejisokota mizunguko miwili mitatu, ni gumu, huanguka chini na mbegu zake zote, kisha hungoja mdomo. Mbuzi, swala, ng'ombe, hata tembo hulila. Mbegu ina ngozi ngumu, kwa hiyo nyingi hupita tumboni salama na kutoka na kinyesi mbali na mti mama. Ndiyo maana naamini picha ya ganda la mgunga peke yake, limelazwa juu ya kitambaa cheupe, ni nusu ya habari. Mnyama ni lazima awemo.

Saa mbili asubuhi

Na mnyama amekuja mwenyewe, tena na mwenye mali. Bibi mmoja anakuja na mbuzi wake, mkononi ana mti mrefu wenye kulabu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Unapiga picha chakula cha mbuzi?"

"Ndiyo bibi. Nikuombe nipige na mikono yako ukitikisa?"

"Mikono piga. Uso uache."

Anakamata tawi kwa kulabu, analitikisa mara moja, na maganda yanamwagika kama mvua ya mawe. Mbuzi wote wanakimbilia pale pale. Nalala kifudifudi vumbini ili kamera iwe usawa wa midomo yao. Bibi ananiambia nyasi zikiisha haya ndiyo yanayowavusha mbuzi mpaka mvua, na yale yanayobaki anayaweka kwenye viroba. Namuelewa. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, na kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Sasa hivi ardhi ni kavu, lakini juu ya mti kuna chakula.

Kabla hajaondoka ananipa ganda moja na kuniambia nilitazame. Lina vitundu vya mviringo, vidogo kama vya sindano. Nabadilisha lenzi, naliweka juu ya jiwe, mwanga uje kutoka ubavuni ili kila kitundu kipate kivuli. Ni kazi ya mbawakawa mdogo wa mbegu, wa ukoo ule ule wa wanaotoboa kunde na choroko ghalani. Mayai hutagwa juu ya ganda, funza huingia ndani ya mbegu, huila, kisha mdudu mzima hutoboa njia ya kutokea. Nalipasua ganda kwa kisu. Mbegu tatu ni maganda matupu, mbili ni nzima, zinang'aa rangi ya kahawia kama zimepakwa mafuta. Picha hii nimeikalia muda mrefu kuliko zote za asubuhi.

Saa nne

Kwenye korongo moja kuna upupu umetambaa juu ya kichaka. Kila Mtanzania aliyesoma shule yenye watoto watundu anaujua. Vinyweleo vyake vya dhahabu vikipigwa na jua kwa nyuma ni vizuri mno. Nasimama upande upepo unakotoka, natumia lenzi ndefu, kaka anafunga vioo vyote. Picha chache, tunaondoka.

Saa tano na nusu

Chipogolo. Chai, chapati, maharage. Mwanga wa saa hizi ni mkali, hauna faida kwangu.

Saa saba mchana

Mtera. Bwawa hili limezuia Mto Ruaha Mkuu mpakani mwa Dodoma na Iringa, na maji yake huzungusha mitambo ya umeme ya megawati 80. Kiangazi maji yamerudi nyuma, na miti iliyokufa tangu bwawa lijae bado imesimama majini, imejaa ndege. Mvuvi mmoja mzee anatuongoza hadi kwenye kilima kidogo, mbali na ukingo.

Viboko wamelala majini, masikio na pua tu juu. Watu wengi wanaotaka picha ya kiboko wanataka mdomo uliopanuliwa. Mimi simtafuti huyo. Kupanua mdomo mara nyingi ni kutishia mwenzake, na ukikata picha hapo mwenzake haonekani. Nataka nafasi kati yao: nani ameegemeza kidevu mgongoni mwa nani, ndama yuko upande gani wa mama yake, dume amejitenga kiasi gani. Narudisha lenzi nyuma kila ninapotamani kusogea karibu.

Kwa mbali ndege aina ya mwari weupe wanavua. Wanajipanga nusu duara, wanasukuma samaki kuelekea maji mafupi, halafu vichwa vyote vinazama kwa pamoja. Hapo nashikilia kidole kwenye kitufe bila kuachia.

Saa kumi na moja jioni

Mwanga umelala, migongo ya viboko imepata umbo, na wameanza kusogea. Natamani kubaki. Mzee anatikisa kichwa: "Binti, kuanzia sasa njia ni zao." Ni kweli. Usiku hutoka kwenda kula nyasi, na mtu akisimama kati ya kiboko na maji amejitafutia kifo. Tunaondoka jua bado lipo.

Saa nne usiku

Nyumbani, kompyuta mezani. Ndama aliyefumba macho, picha ambayo kaka aliipenda kuliko zote, naiacha nje kwa sababu yuko peke yake. Naweka ile pana yenye kundi zima na dume pembeni. Ya upupu inaingia. Ya mbuzi na mikono ya bibi inakaa ubavuni mwa ganda lenye vitundu, kurasa mbili zinazotazamana, na chini yake naandika: ganda la mgunga, Fufu, mbegu tano, tatu zimeliwa na mdudu, mbili zingeweza kuota.