Mchumba wa Bandia

Mwaka 2001 nilikuwa kidato cha tatu, na palikuwa na baharia mmoja kijana ambaye kila nikitoka skuli humkuta ameketi barazani kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya Lamu, akiningoja. Hakunigusa hata siku moja. Alinifuata nyuma tu, akinisemesha mpaka mlangoni kwetu, mtaa wa Langoni, na majirani wakaanza kumuuliza mama posa italetwa lini. Anayeijua Lamu anazijua njia zake: punda akija na shehena ya mawe unajibana ukutani. Mtu akiamua kukufuata, huna pa kumkwepea.

Nikamwendea kijana wa jirani yetu, tuliyesoma naye darasa moja.

"Nataka ujifanye wanitaka."

"Mpaka lini?"

"Mpaka yule achoke."

Alifikiri, kisha akakubali kwa sharti moja: mdogo wake wa kike awe nasi kila tutakapotembea, kwa kuwa mji una macho na jina likishaharibika halifuliki. Watu husema mapenzi ya umri ule ni utoto. Mimi sikubali. Yule alikuwa na miaka kumi na saba, na jambo la kwanza alilolifikiria lilikuwa heshima yangu.

Basi tukaanza. Tulitembea watatu, mtoto katikati. Barua zilipita kwa mkono wa mtoto huyo huyo, mbele ya baraza, makusudi zionekane. Bahasha zilinukia udi, lakini ndani mlikuwa na maswali ya hesabu, maana mimi hesabu zilikuwa zikinishinda naye alikuwa bingwa. Karatasi moja, chini kabisa, baada ya swali la mwisho, aliandika kwa herufi ndogo: "Jana ulikohoa sana darasani. Mwambie mama akuchemshie tangawizi." Niliisoma sentensi ile mpaka nikaihifadhi. Hakuna mtu wa barazani ambaye angeiona. Sasa alikuwa akimwandikia nani?

Mwezi wa Mfungo Sita ukaingia, na mji ukajaa wageni wa Maulidi. Pwani, watu walisongamana kutazama mashindano ya punda, vijana wakiwapanda bila tandiko huku wakipiga kelele. Pale Mkunguni, mbele ya ngome, bibi mmoja alikuwa akiuza vikuba. Mchumba wangu wa bandia alinunua kimoja, asmini na mrihani vimefungwa pamoja, akampa mdogo wake, naye akanipa mimi. Nilikibana ndani ya buibui. Harufu yake ilinipanda kichwani jioni nzima, na usiku, dufu za msikiti wa Riyadha zikisikika mpaka chumbani, sikulala.

Jambo moja tu lilinishangaza: yule baharia sikumwona popote.

Jumapili, muuza maji akamwambia mama kwamba kijana yule ameshasafiri, ameondoka na jahazi kwenda Mombasa kutafuta kazi. Mama alishukuru Mungu. Mimi nilikwenda jikoni nikakuna nazi, mikono ikitetemeka, nikijua kwamba kesho sina tena sababu ya kutembea na yule kijana wa jirani. Sikumwambia. Jumatatu nilimngoja kama kawaida, naye akaja kama kawaida, na barua ikaja. Sote wawili tukawa tunatupa jicho barazani kama watu wanaomhofia mtu.

Ni mtoto aliyetufichua. Tulikuwa tunapita karibu na soko, kaka yake akaniambia nivute hatua "yule asije akatukuta," naye akauliza kwa sauti:

"Yule si alikwenda Mombasa na jahazi la ami? Kaka, si wewe uliyempakilia mizigo, kabla ya Maulidi?"

Kabla ya Maulidi. Nilisimama pale pale, watu wakinipita kushoto na kulia.

"Basi kile kikuba?" nikamuuliza.

Aliinamisha kichwa, masikio yamemwiva. "Kikuba kilikuwa chako. Hakikuwa cha kuonyesha mtu."

Nikamwambia nami nilijua tangu Jumapili. Alinyanyua uso akacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo, nami nikacheka ndani ya buibui mpaka machozi yakanitoka.

Mdogo wake alitutazama mmoja mmoja. Alitaka kujua kama kazi ya barua imekwisha, kwa sababu kila moja ilikuwa ikimpatia pesa ya achari.

Tukamwambia aendelee.