Kale kadude ka shaba kwenye kompresa nilikuwa nakaona pambo

Mimi nna kijiwe cha pancha na upepo, wateja wangu wengi ni bodaboda na bajaji, na kompresa nayotumia ni ya mtungi wa lita 50, niliinunua mtumba kwa jamaa aliyekuwa anapiga rangi magari. Miaka miwili nawasha asubuhi nazima jioni, kale kadude ka shaba kenye kapete pale karibu na geji, yaani sefti valvu ya kuachia upepo presha ikizidi, wala sikuwahi kukashika. Rangi ilishapita juu yake sijui mara ngapi, kamefanana na mtungi wenyewe.

Mashine yangu presha ikifika bar 8 (bar ni kipimo cha presha) swichi inaikata, ikishuka 6 inaiwasha. Pale inapokata unasikia psss, na wengi wanadhani ile ndo sefti valvu, hapana, ule ni upepo uliobaki kwenye bomba la kutoka kichwani kwenda mtungini, unaachiwa ili mota ikiwaka tena isianze na mzigo. Sasa siku hiyo nimeinama nachomoa msumari kwenye tairi la bajaji, mteja ananipigia stori za mpira, nasikia mashine inaunguruma tu, sauti inazidi kuwa nzito kama mtu anapanda mlima na gunia la mkaa, na psss haiji. Kuinua kichwa, geji inasoma 11 na mshale bado unapanda. Aisee nilichomoa plagi hata sijui nilifikaje ukutani. Nikamwambia "kaka sogea huko", tukavuka barabara tukasimama tunautazama mtungi kama watu walioona nyoka ndani. Baadae nikarudi pole pole, nikashika ile bastola ya kupulizia vumbi nikaibinya mpaka mshale ukalala sifuri.

Swichi ndo ilikuwa imegandana. Hilo sikushangaa, swichi zinakufa kila siku. Kilichoniuma ni kwamba kale kadude kameandikwa bar 10 na mshale ulifika 11, kako kimya.

Nikakafungua. Ndani hamna maajabu, kuna springi fupi, kijiti, na kimpira kinachokalia tundu. Upepo unasukuma kwa chini, springi inakandamiza kwa juu, atakayeshinda ndo anaamua. Tuseme tundu lina eneo la sentimita mraba moja, bar 10 inasukuma kama kilo 10 hivi, basi springi inakazwa ibebe kilo hizo kumi, ikizidi tu kimpira kinanyanyuka upepo unatoka, presha ikishuka kinakaa tena. Mfaransa Denis Papin, karne ya 17 huko, kwenye chungu chake cha mvuke hakutumia springi, aliweka mkono wa chuma na uzito unaoning'inia, na kile kidude kinachochezacheza juu ya presha kuka ya jikoni ni ukoo huohuo.

Changu sasa, rangi ilikuwa imegundisha kapete, maji ya kutu na oili ya kompresa vimefanya uji mweusi kimpira kimeng'ang'ania kwenye kiti chake, halafu nati ya kurekebishia springi imekazwa mpaka mwisho, alama za spana zinaonekana kabisa. Yaani kuna mtu kilimvujia, badala ya kubadilisha akakaza. Springi ikishabanwa mpaka pingili zimegusana haina tena pa kwenda, hapo umebakiwa na boliti tu ya bei mbaya.

Dukani muuzaji akanitolea ya bar 12, "chukua hii kaka, kali zaidi, haitavuja". Nikamwambia kibati cha mtungi wangu kinasema mwisho 10, hiyo 12 itafunguka wakati mtungi umeshazidiwa. Nikachukua ya 10, nikauliza na inatoa upepo kiasi gani kwa dakika, maana kama inatoa kidogo kuliko pampu inavyoingiza itafunguka na mshale utaendelea kupanda vilevile.

Kabla ya kuifunga nikafungua koki ya chini ya mtungi. Yakatoka maji kama chai ya rangi, karibu lita mbili. Nikaogopa, nikaupeleka kwa fundi mwenye pampu ya mkono, akaujaza maji akausukuma mpaka bar 15. Kwa maji kwa sababu maji hayabonyei, chuma kikishindwa kinachanika tu na kuvujisha, ila upepo uliobanwa unaruka na vipande. Ukapita.

Ndo nikaweka valvu mpya, hapo swichi nimeiruka makusudi, waya mrefu, mimi nyuma ya ukuta, geji naitazama kwa mbali. Ilipokaribia 10 ikapasua kelele kama lori linaachia breki za upepo, mshale ukasimama hapohapo. Nilicheka peke yangu. Swichi mpya nikafunga kesho yake.

Mtoto wa dada yangu alivyosikia akaja mbio, "anko, ile ya zamani nisafishie niiweke kwenye bunduki yangu ya upepo", kumbe ametengeneza kwa mabomba ya plastiki ya maji anarushia maembe mabichi. Nikamkatalia. Valvu inajua presha tu, haijui kama bomba limepigwa jua likawa na ufa, na plastiki ile ikipasuka kwa upepo inaruka vipande vikali kama chupa, tena inaweza kupasuka hata kabla springi haijastuka. Alininunia wiki nzima.

Siku hizi nikipaka rangi nakavalisha kimfuko, na kila Jumatatu, mtungi ukiwa na bar 3 au 4, nasimama pembeni navuta kapete. Juzi mteja alishtuka akamwaga chai yote kwenye suruali, nikamwagizia nyingine.