Jinsi nilivyoacha kumwita mwanangu kikojozi

Mwanangu wa kiume ana miaka 7. Mwaka jana, karibu kila asubuhi, godoro lilikuwa limelowa. Mama yake ndiye aliyelianika, akafua mashuka, kisha akakimbilia kazini. Kazi yangu ilikuwa kufoka. Nilimwita kikojozi mbele ya dada zake, nikidhani aibu itamponya. Hali ikazidi. Akaanza kuficha kaptula zilizolowa nyuma ya ndoo ya unga.

Siku niliyoikuta moja, imekauka na kukakamaa, niliumia mno. Nikampeleka zahanati. Daktari alituambia watoto wengi wa umri huo bado hukojoa kitandani, si uvivu wala ukaidi; usingizi wao ni mzito na kibofu hakijakomaa. Mkojo ukapimwa, hakuna maambukizi. Kisha akauliza kama anapata choo vizuri. Kumbe alikuwa akimaliza siku 3 bila kwenda, na choo kigumu hukibana kibofu. Sikuwahi kulijua hilo, nami ni baba yake.

Tangu hapo zamu ni yangu. Papai na maji ya kutosha mchana, chai ya usiku nikaihamishia saa 10 jioni, chooni kabla ya kulala. Godoro nikalivika nailoni. Akilowesha, tunafua pamoja, na hakuna anayemsema. Baada ya kama miezi 2 ikabaki mara moja kwa wiki. Sasa ni nadra.

Juzi saa 9 usiku alinigusa bega: "Baba, nisindikize uani." Nikachukua tochi.