Mkono Uliogeuka Bwana Shamba

Mazao ya shamba langu mwaka huu hayakuchaguliwa na bei ya soko wala na mvua, bali na mkono wangu wa kushoto. Upande huo ndiko madaktari walikoondoa titi lililokuwa na saratani pamoja na tezi za kwapani, nami nimeambiwa kwamba tezi hizo ndizo zilizokuwa zikisaidia kurudisha majimaji kutoka mkononi kwenda kwenye damu. Zikishaondolewa, majimaji yanaweza kutuama na mkono ukavimba, hata kama miaka imepita tangu upasuaji, na kidonda kidogo kinachoingiwa na vijidudu chatosha kuuchokoza uvimbe huo. Ni maelezo rahisi kuyapokea ukiwa umeketi kliniki. Ukiyapeleka kwenye shamba lenye miiba, jembe, panga na mbu wa kando ya ziwa, inabidi uanze kufikiri upya kila kazi uliyokuwa ukiifanya bila kufikiri.

Zao la kwanza kuondoka lilikuwa pamba. Sisi tuliokulia Usukumani pamba imetusomesha na kutuoza, na kuiacha kunahitaji sababu ya maana. Sababu yangu ni mkanda wa bomba la kunyunyizia dawa, lile la mgongoni, ambao hupita juu ya bega na kubana karibu kabisa na kovu, wakati bomba lenyewe likijaa ni mzigo wa kumlemea hata mtu mzima wa afya. Ningeweza kumlipa kibarua anyunyizie, lakini dawa, kibarua na palizi vikijumlishwa, pamba ya eneo dogo kama langu haibakizi kitu.

Viazi vitamu nimevibakiza, kwa masharti. Udongo wetu huku Kayenze ni wa kichanga, ule tunaouita luseni, na viazi huupenda, ila kuinua matuta ni kazi ya mabega yote mawili. Matuta sasa huinuliwa na kijana wa dada yangu, ambaye tangu nitoke hospitali ameniwekea amri: "Mama mdogo, wewe kaa kivulini, sema tu nifanye nini." Namshukuru, ingawa amri yenyewe siipendi. Kupanda marando, yaani vipande vya mashina ya viazi, nafanya mwenyewe, nikiwa nimevaa glavu, na baada ya kuvuna hukaa kwenye kigoda nikakata michembe, vile vipande vya viazi vibichi vya kuanika, kwa kisu kisicho na ncha kali. Matobolwa, yaani viazi vinavyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, namwachia mama mkwe, kwa kuwa sufuria lililojaa viazi vilivyochemshwa si la kuinuliwa na mimi.

Watu wengi hudhani kwamba aliyefanyiwa upasuaji wa aina yangu hapaswi kuutumia mkono kabisa. Sivyo nilivyofundishwa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali ya Bugando, Mwanza, alinianzisha kwa kutembeza vidole ukutani, nikipanda taratibu hadi pale ngozi ya kwapa inapoanza kuvuta, kisha kushuka, na baadaye kuongeza uzito kidogo kidogo. Kwa hiyo mkono unahitaji kazi, lakini kazi inayopanda kwa ngazi. Ndoo kubwa ya kumwagilia nimeiacha, natumia kidumu kidogo, na safari za kwenda kwenye tuta la mchicha zimeongezeka. Bwana shamba wa serikali huja kwa pikipiki, akatoa ushauri na kuondoka. Huyu wangu haondoki, na nikizidisha kazi mchana hunikumbusha usiku kwa uzito na ganzi.

Kuna jambo jingine lililobadilisha ratiba. Kila jioni nameza kidonge cha tamoksifeni, dawa inayozuia homoni ya estrojeni isichochee aina ya saratani niliyokuwa nayo, na ambayo kwa kawaida humezwa kwa miaka 5 au zaidi. Dawa hii huniletea joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni, na jua la saa sita la mwezi wa tisa halihitaji msaidizi. Naingia shambani alfajiri, wakati wavuvi wa dagaa wanarudisha mitumbwi na karabai zao, natoka kabla jua halijakomaa, kisha narudi jioni.

Chakula nacho kilikuwa na historia yake. Wakati wa dripu za kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, kila nilichoweka mdomoni kilikuwa na ladha ya chuma, na dagaa, ambao nimewala tangu utotoni, sikuweza hata kuwanusa. Kilichonirudisha mezani ni matembele ya shambani mwangu, yaliyooshwa vizuri na kupikwa yakaiva, kwa sababu kinga ya mwili ilikuwa chini na mboga mbichi nilikatazwa. Kwa sababu hiyo hiyo sikuruhusiwa kugusa samadi wala kufagia banda la kuku. Banda hilo bado analifagia kijana, na sina haraka ya kumnyang'anya kazi hiyo.

Mzee mmoja hupita asubuhi akielekea mwaloni, kule ufukweni samaki wanakoshushwa, husimama uani akasema, "Mwangaluka, mayu," kisha huuliza hali ya "ugonjwa ule." Hakuwahi kuutaja kwa jina. Wapo waliokuja na mizizi ya kuchemsha, nami niliipokea kwa heshima na kuiweka kando, maana daktari alitaka kujua kila ninachokunywa, asije akashindwa kutambua kilichoniletea madhara ni kipi.

Vuli ikikaribia, nimeamua kuongeza mipapai pembeni mwa matuta, kwa kuwa haidai jembe mara kwa mara na matunda yake huchumwa kwa mkono mmoja wakati miti ingali mifupi. Kijana anataka tujaribu nyanya. Nimekataa, kwa sababu nyanya zitalirudisha lile bomba la mgongoni. Marando mapya nimeahidiwa na jirani aliyeko Igombe, na kwa vile daladala ya kwenda kliniki hupita huko, nitayachukua siku ya kurudi, naye kijana atanisubiri kituoni ayabebe.